Kontena la Embakasi, nyundo ya Kariobangi

Mwenye gari la kale huko Uingereza akitaka lirudi lilivyokuwa siku ya kutoka kiwandani, kinachommaliza si bei ya vipuri. Ni saa za watu. Bati lililoliwa na kutu hukatwa, jipya hupindwa, huchomelewa, hunyooshwa, hupigwa msasa, na kila hatua hudai mkono wa fundi. Tuseme bodi moja imekula saa 1,000 na karakana inatoza pauni 60 kwa saa: hizo ni pauni 60,000 kabla injini haijaguswa. Kwa sababu hiyo wenye magari wengi wa Ulaya Magharibi hupeleka mali yao Polandi na Hungaria, ambako saa ya fundi ni nafuu.

Fanya hesabu hiyo hiyo ukiwa Kariobangi Light Industries, Nairobi. Mpe fundi hodari wa bati, panel bita, shilingi 2,500 kwa siku, na kwa kuwa hana mashine ya kupinda bati, mkubalie atumie muda mara tatu. Saa 3,000, kwa siku ya saa 8, ni siku 375. Malipo yake ni shilingi 937,500. Ukiihesabu pauni kwa shilingi 170, hizo ni kama pauni 5,500. Zidisha hata mara tatu ili kulipia kodi ya banda, gesi, faida ya mwenye karakana na kontena la kuja na kurudi. Bado hujafika hata theluthi moja ya ile bili ya Uingereza. Hizi ni tarakimu za kukadiria, lakini pengo ni pana kiasi kwamba ukizivuta huku na huku haliwezi kuzibika. Swali ni nini kinachosimama kati ya pengo hilo na biashara yenyewe.

Njia si kikwazo. Treni ya mizigo ya SGR imekuwa ikileta makontena kutoka bandari ya Mombasa hadi bandari kavu ya Embakasi tangu 2018, na Embakasi iko Eastlands, upande uleule wa Nairobi ilipo Kariobangi. Ndani ya kontena la futi 40 mna urefu wa karibu mita 12. Peugeot 504 ina mita 4.49, kwa hiyo mbili zinaingia na nafasi ya vipuri inabaki.

Makaratasi nayo yana mlango. Ukitaja gari la 1968 kuingia Kenya, watu hukumbuka mara moja kikomo cha miaka 8 katika kiwango cha Kenya, KS 1515. Kikomo hicho ni cha magari yaliyotumika yanayokuja kubaki na kupewa namba za hapa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu mali kuingia kwa muda, kwa dhamana, mradi irudishwe nje ndani ya miezi 12. Mfano tunao: tangu 2003 mashindano ya Safari Classic yamekuwa yakivuta Porsche 911, Ford Escort na Datsun za zamani kutoka ng'ambo. Zinapitishwa Mombasa, zinakimbizwa kwenye vumbi letu kwa siku kadhaa, kisha zinapakiwa tena kurudi zilikotoka.

Lakini rudia zile siku 375. Mtu mmoja akifanya kazi siku sita kwa wiki atavuka mwaka, na dhamana iko mashakani. Gari la namna hii halifai kuachiwa fundi mmoja anayelishika akikosa kazi nyingine. Linataka watatu: mmoja wa bati, mmoja wa chasi, mmoja wa kuandaa rangi, na tarehe ya kila hatua ikubaliwe kabla kontena halijafunguliwa. Lile jibu la "wiki ijayo, mkubwa" lililozoeleka gereji halitatosha.

Tuje kwenye bati, maana hapa ndipo Eastlands ina nguvu ambayo haijatambuliwa vya kutosha. Bati la gari la miaka ya 1960 lina unene wa karibu milimita 0.9. Umeme wa elektrodi hulitoboa. Mashine za kuchomelea za MIG zinazotumika katika karakana nyingi za Ulaya huacha mshono mgumu, ambao lazima usagwe na haukubali nyundo vizuri. Gesi ya oksijeni na asetilini, ambayo mafundi wetu wengi walianza nayo, hupasha moto eneo kubwa na kulipinda bati, ila mshono wake hubaki laini. Fundi anayejua hulisubiri lipoe, akashika chuma upande wa ndani na kugonga nje hadi mshono ulale kabisa. Ndivyo waunda bodi wa zamani walivyofanya kazi. Anayepita Kamukunji na kuwasikia wakigeuza bati bapa kuwa masanduku na majiko anausikia msingi wa ujuzi huo. Na yadi zinazojenga bodi za matatu juu ya chasi za Isuzu zimezoea kufuata kiwango kilichoandikwa, KS 372, kwa hiyo kazi ya kupimwa na mkaguzi si ngeni kwao.

Ugumu uko kwingine. Fundi wa Eastlands amelelewa na mteja anayetaka gari litembee kesho asubuhi. Injini ya Peugeot ikifa, anapachika ya Toyota. Land Rover ikikosa giaboksi, anapata ya Isuzu na kutengeneza mabano mwenyewe. Huo ni ubunifu mkubwa na umelisha familia nyingi. Mteja wa gari la kale, hata hivyo, analipia kinyume chake. Gari lenye miaka 30 au zaidi, ambalo halitengenezwi tena na halijabadilishwa chasi wala injini, huingia Uingereza kama kitu cha makumbusho: ushuru sufuri na VAT ya asilimia 5. Likibadilishwa kwa kiasi kikubwa, nafuu hiyo huweza kupotea, na thamani yake mnadani hushuka. Kile ambacho mteja wa Donholm angekishukuru, mteja wa London atakihesabu kuwa hasara.

Fila ya kuziba mabonde ya bati nayo ni hivyo hivyo. Kwenye matatu, fila nene ikipigwa msasa na kupakwa rangi kali haimsumbui mtu. Mnunuzi wa gari la kale huja na kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani huwa karibu maikroni 100 hadi 150. Kipimo kikisoma elfu moja, ameshajua chini kuna nini. Tiba yake ni picha. Kila bati lipigwe picha kabla ya kukatwa, likiwa limekatwa, na baada ya kuchomelewa bila rangi. Simu ya kawaida inatosha, na fundi mwenye cheti cha daraja la kwanza cha NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwanda, akiambatisha nakala yake kwenye faili hilo, mnunuzi wa mbali ana kitu cha kushika.

Rangi ndiyo ningeiacha kando kwa sasa. Rangi ya kisasa yenye kigumuzi hutaka chumba kisicho na vumbi, nayo hutoa mvuke wa aisosayaneti unaoweza kumpa mpulizaji pumu ya maisha. Kitambaa usoni hakizuii kitu. Panahitajika barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Tumewaacha vijana wengi mno wakipuliza rangi kando ya barabara bila kinga, na hakuna bei nafuu ya kuhalalisha hilo. Bodi na irudi ikiwa na praima tu.

Injini pia ibaki kwa mwenye gari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa hapa italisha petroli kidogo mno ikifika usawa wa bahari, na injini itachemka.

Kwa kuanzia, si kila gari linafaa. Bodi nzima mpya za gari aina ya MGB zimekuwa zikiuzwa Uingereza na British Motor Heritage tangu 1988, kwa hiyo hakuna wa kulipia saa za nyundo. Peugeot 504 na Land Rover ni jambo jingine. Ya kwanza iliunganishwa Mombasa, ya pili Thika, na mikono ya mafundi wetu inazijua. Kwenye Land Rover kazi iko kwenye chasi na ukuta wa mbele wa chuma, kwa kuwa bati la nje ni alumini, na pale alumini inapogusa chuma ndipo bati huanza kulika. Ningeanza na 504 moja: bodi tupu isiyo na injini, mafundi watatu, miezi minane, na malipo kwa awamu nne, kila awamu ikilipwa picha zikishafika.