"Orodha Yenye Namba" au "Orodha ya Mfuatano"?

Miongoni mwa istilahi za uandishi wa kurasa za tovuti zinazostahili kutazamwa upya ni jina la orodha inayoundwa kwa lebo ya ol katika lugha ya HTML. Mfasiri aionapo kwenye kioo cha kompyuta ikiwa na 1, 2, 3, hushawishika kuiita "orodha yenye namba". Jina hilo ni jepesi kufahamika, lakini laeleza vazi, wala halielezi mwili.

Hebu tutazame matumizi yake. Mwandishi hufungua orodha kwa lebo ya ol, huweka kila kipengele ndani ya lebo ya li, kisha huifunga. Namba haandiki yeye; huwekwa na kivinjari. Akiongeza type="a" hupata herufi; akiongeza type="I" hupata tarakimu za Kirumi; na kwa start="5" hesabu huanzia 5. Hata alama zote zikifichwa, orodha hubaki ol. Kisichobadilika ni mfuatano. Kanuni za HTML za mwaka 1995 zilikwisha kuitenga na ul, ambayo vipengele vyake havina cha kutangulia wala cha kufuata.

Tuseme mtumishi wa wilaya ya Mufindi anawaandikia wasafiri vituo vya barabara kuu itokayo Iringa kwenda Mbeya: Mafinga, Nyololo, Makambako. Akitanguliza Makambako, atampoteza mgeni anayepaswa kushuka Nyololo na kushika njia ya Mgololo. Hiyo ni ol. Lakini mazao ya wilaya, yaani chai, mahindi, mbao na pareto, ayapange apendavyo; maana haibadiliki. Hiyo ni ul, na kuyatia namba hakuyapi mfuatano.

"Orodha iliyopangwa" nayo ina kasoro. Mwanafunzi atadhani kwamba mashine itampangia vipengele kwa alfabeti, ilhali HTML hufuata utaratibu wa mwandishi tu.

Kosa la jina huzaa kosa la kazi. Anayeamini kwamba ol ni namba tu ataziandika kwa mkono ndani ya aya. Kipengele kipya kikiingizwa katikati, hana budi kuzisahihisha zote zinazofuata. Na programu inayomsomea asiyeona haitamtangazia kwamba pana orodha.

Yaweza kusemwa kwamba katika sheria alama ndiyo yenye uzito. Ni kweli. Katiba ya mwaka 1977 huorodhesha kwa (a), (b), (c), na herufi hizo hunukuliwa. Tena tangu mwaka 2021 Kiswahili kimewekwa kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Lakini hata hapo HTML huitaja alama peke yake, kwa type, mbali na lebo ya orodha. Mambo mawili yasipewe jina moja.

Kwa hiyo yafaa ol iitwe "orodha ya mfuatano", ul iitwe "orodha isiyo na mfuatano", na li iitwe "kipengele". "Orodha yenye namba" ibaki kuwa jina la sura mojawapo ya orodha ya mfuatano. Mwalimu atakayefundisha hivyo atamzoeza mwanafunzi kujiuliza kwanza: je, nikibadilisha utaratibu, maana itabadilika?