Mkono Utungao Shanga

Ufundi wa shanga husifiwa zaidi kwenye tanuri kuliko kwenye uzi, ilhali katika nchi ya Katavi, kuanzia Mpanda hadi Mamba iliyo katika bonde la Rukwa, sifa kubwa inamstahili mtungaji, ambaye hakuyeyusha kioo wala kuchanganya rangi, lakini ndiye aliyeamua kila punje ikae wapi, ikae na ipi, na ivaliwe na nani.

Wamisri wa kale walikuwa na njia tofauti, iliyotegemea moto. Shanga zao za fayansi hazikuwa kioo wala udongo, bali mchanga mweupe uliosagwa, ukakandwa pamoja na magadi na chokaa kidogo, kisha ukafinyangwa kuzunguka uzi au bua jembamba ambalo moto uliliteketeza na kuacha tundu, huku shaba iliyotiwa ndani ikitoa buluu na kijani king'aacho. Rangi hizo zilihusishwa na maji, mimea ichipuayo na kuzaliwa upya, na kwa sababu hiyo wavu wa shanga za buluu ulitandazwa juu ya maiti aliyekaushwa na kufungwa sanda. Ni kazi ya kustaajabisha, kwani shanga ilitoka motoni ikiwa tayari imebeba maana yake.

Lakini shanga za kioo zilizofika Ukonongo na Upimbwe, huko Katavi, katika karne ya 19 zilitoka motoni zikiwa bubu. Nyingi zilitengenezwa Venice, ambako donge la kioo lenye uwazi ndani lilivutwa hadi likawa mrija mrefu, mrija ukakatwa vipande vidogo, na vipande vikapashwa moto tena ili kingo zake zilainike. Miongoni mwao zilikuwamo samesame, shanga nyekundu zilizopendwa sana, ambazo aina yake mojawapo ilikuwa na wekundu uliofunika kiini cheupe. Huko bara, kipimo cha shanga kilikuwa mwili wa binadamu: kete moja ilikuwa uzi wa shanga wenye urefu wa kutoka kidoleni hadi kiwikoni, ukikunjwa mara mbili, na kete 10 zilifanya fundo moja. Mwaka 1858 msafiri Mwingereza Richard Burton alikuta Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, shanga ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya mrija, zikitumika sokoni kama fedha.

Hata hivyo shanga haikuwa fedha tu, kwa kuwa fedha haichaguliwi kwa jicho kali kiasi hicho. Mtungaji alizipanga kwa ukubwa, akaziacha zenye tundu bovu, akapima wekundu dhidi ya weupe, na katika uamuzi huo, uliorudiwa na maelfu ya watu wasioandikwa popote, ndimo ladha ya nchi nzima ilimojengeka. Msafiri Henry Morton Stanley alipojiandaa Zanzibar mwaka 1871 kwa safari ya bara, akifungasha magunia 22 ya shanga, ilimbidi kwanza ajifunze ladha hiyo nchi kwa nchi: nyeusi zilifaa Ugogo, na nyeupe zilizoitwa merikani zilithaminiwa Ufipa lakini zingedharauliwa Ukonongo, ingawa nchi hizo mbili haziko mbalimbali. Msafara uliokosea rangi ulibeba mzigo usioweza kununua hata chakula cha wapagazi wake, na mfanyabiashara wa pwani alilazimika kuagiza kile ambacho wavaaji wa bara walikuwa wamekwisha kukikubali.