Bradford Young na Ujasiri wa Kuliacha Giza

Katika Selma (2014), filamu ya Ava DuVernay, kuna onyesho la mahabusu ambalo wapigapicha wengi wangeliongezea taa. Martin Luther King na mwenzake Ralph Abernathy wanazungumza kwa sauti ya chini, nyuso zao nusu zimezama gizani. Bradford Young, mpigapicha wa filamu hiyo, ameuacha mwanga hafifu upite pembeni tu, basi. Uchovu wa King unasomeka vizuri kuliko ambavyo taa kali ingeuonyesha.

Kwa miongo mingi filamu za rangi zilipimwa kwa ngozi nyeupe. Maabara za kusafisha picha zilitumia kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke Mzungu kuwa kipimo cha rangi sahihi. Mtu mweusi alipopigwa picha, yalibaki macho na meno. Dawa iliyozoeleka ilikuwa kummwagia taa. Young, mzaliwa wa Louisville, Kentucky, aliyefundishwa na Mwethiopia Haile Gerima katika Chuo Kikuu cha Howard, hakuifuata. Ngozi nyeusi hung'aa: iwekee mwanga mpana na laini ubavuni, nayo itaurudisha pamoja na rangi za vitu vilivyo jirani.

Itazame Mother of George (2013), kisa cha Wanigeria waishio Brooklyn. Harusini, rangi za mavazi ya Kiyoruba zinapanda hadi mashavuni, na uso wa bibi harusi, anayeigizwa na Danai Gurira, haukubali kuitwa rangi moja. Kwa filamu hiyo, na nyingine ya wapenzi wahalifu wa Texas, Ain't Them Bodies Saints, tamasha la Sundance lilimpa tuzo ya upigaji picha mwaka huohuo.

Kisha akageukia viumbe wa anga. Arrival (2016) ni kijivu tupu: nyumba ya ziwani yenye madirisha mapana, wanasayansi wakisimama kama vivuli vidogo mbele ya ukuta mweupe wa ukungu. Ikamfanya Mmarekani mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwania Oscar ya upigaji picha.

Solo (2018), ya mfululizo wa Star Wars, ambayo pia aliipiga yeye, ilileta malalamiko: kwenye kumbi zenye projekta hafifu, watu hawakuona kitu. Mtazamaji aliyelipa kiingilio ana haki ya kuona. Lakini kosa lilikuwa la projekta. Penye mwanga wa kutosha, giza lile limejaa vitu.