Mguu wa Bati na Mguu Uliosahauliwa: Dhana ya Kujitegemea katika Masimulizi Mawili ya Ajali

Neno kujitegemea limezoeleka mno katika maandishi ya Kiswahili, hasa tangu Azimio la Arusha la 1967, hata ni nadra kwa msomaji kukumbuka kwamba msingi wake ni tendo la mwili. Anayetegemea huuweka uzito wake juu ya kitu: ukuta, mkongojo, bega la mtu. Kiambishi -ji- humrudishia mtendaji tendo hilo, akawa yeye ndiye anayeegemea na ndiye anayeegemewa. Maadamu mwili ni mzima, fumbo hilo halionekani. Hudhihirika pale mtu anapotakiwa kusimama juu ya kiungo ambacho hakipo, au kipo lakini hakiitiki. Masimulizi ya watu walioumia vibaya kisha wakarudi kutembea hulifungua fumbo hili, na kwa sababu hiyo yanastahili kuhakikiwa kama fasihi badala ya kuachwa kwenye rafu ya vitabu vya kutia moyo. Mawili yanafaa kulinganishwa: Reach for the Sky cha Paul Brickhill (1954) na A Leg to Stand On cha Oliver Sacks (1984).

Brickhill anasimulia maisha ya Douglas Bader, rubani kijana wa Uingereza ambaye tarehe 14 Desemba 1931, akifanya michezo ya ndege karibu mno na ardhi katika uwanja wa Woodley, alianguka na kupoteza miguu yote miwili, mmoja ukikatwa juu ya goti na mwingine chini yake. Alitengenezewa miguu ya bati, akajifunza kutembea, akaondolewa jeshini 1933, kisha akarudi angani vita vilipozuka 1939. Kitabu kilipendwa sana, na 1956 kikatolewa filamu. Msimulizi wake ni wa nafsi ya tatu, mjuzi wa yote, naye humtazama shujaa kwa jicho la askari mwenzake. Brickhill mwenyewe alikuwa rubani na mfungwa wa vita. Kiini cha usimulizi huu ni nia. Fundi wa miguu anamwambia Bader kwamba hataweza kutembea bila mkongojo, Bader anakataa katakata, na kuanzia hapo kila hatua inasomeka kama hoja dhidi ya mkongojo ule.

Tatizo si kwamba hayo ni uongo. Tatizo ni kile ambacho sauti hiyo inakifanya kwa mikono ya wengine. Mafundi waliopima vigutu vyake na kurekebisha miguu ile, na Thelma aliyemwoa 1933, wote wametajwa, lakini wametajwa kama wapambe wa bwana harusi. Hata ukoo wa Desoutter, ambao uliingia katika kazi ya kuunda miguu ya madini mepesi baada ya mmoja wao kupoteza mguu kwa ajali ya ndege 1913, hauachiwi nafasi ya kuwa na kisa chake. Na bado matini hujua zaidi ya msimulizi. Ndege ya Bader ilipoharibiwa juu ya Ufaransa mnamo Agosti 1941, mguu wake wa kulia ulinaswa ndani. Mkanda ulikatika, yeye akatoka kwa mwavuli, mguu ukabaki. Mwenye mguu wa nyama angalikufa hapo. Baadaye Wajerumani wakaruhusu ndege ya Waingereza imdondoshee mwingine. Brickhill anayapitia haya kama kichekesho cha vita, ilhali ndipo shujaa asiyetaka kuegemea chochote anapoegemea hata ruhusa ya adui.

Kwa Sacks hali ni kinyume. Agosti 1974, akiwa peke yake mlimani huko Norway, alimkimbia fahali, akaanguka, na kano ya msuli wa paja la kushoto ikakatika. Aliufunga mguu kwa mwavuli wake, akateremka kwa makalio akijisukuma kwa mikono, na kilichompa mwendo ni wimbo wa wavuta mashua wa Mto Volga. Mhakiki wa fasihi simulizi aliyezoea hodiya na kimai hawezi kuipita sehemu hii haraka. Wimbo uliokusudiwa kuunganisha nguvu za watu wengi hapa unaunganisha viungo vya mtu mmoja. Ni kana kwamba mwenye kujitegemea analazimika kwanza kujigeuza kundi. Hatimaye wawindaji wawili, baba na mwanawe, ndio waliomkuta.

Hospitalini London upasuaji ulifaulu, lakini mguu ulitoweka katika fahamu zake. Aliuona ndani ya plasta kama kitu cha mtu mwingine, wala hakujua ulipolala asipoutazama. Sacks alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, na zamani alikuwa amemshuhudia mgonjwa aliyeutupa mguu wake mwenyewe nje ya kitanda, akaanguka nao. Sasa yeye ndiye mgonjwa, na daktari aliyempasua anamjibu kwamba hakuna tatizo lolote. Kinaya hiki ndicho uti wa kitabu. Nia, ambayo kwa Brickhill hutosha, hapa haina pa kushika: hawezi kuuamuru mguu ambao kwake haupo. Alipoinuliwa juu ya magongo, mguu ulionekana kurefuka na kufupika, hadi muziki wa Mendelssohn ulipozuka akilini na mwendo ukaja nao. Jambo kama hili halisimuliki kwa nafsi ya tatu. Anayetazama kutoka nje angaliona mtu anachechemea, basi.

Kitabu kina uzito usio wa lazima. Sura ya mwisho inamwita Kant aje kueleza kile ambacho mlima na plasta vimekwisha kukieleza. Tena Sacks, daktari na mtoto wa madaktari, ana istilahi za kuutetea uchungu wake. Majeruhi asiye nazo angalinyamaza. Lakini hata yeye mwenye istilahi hakusikilizwa, na hilo linaipa shutuma yake nguvu.

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kumsoma kilema kama jazanda ya jamii iliyovunjika, au kama kielelezo cha ushujaa. Usomaji wa namna hiyo ungemtosha Bader wa Brickhill. Hauwezi kuimudu sehemu moja karibu na mwisho wa Sacks. Kano imepona, msuli umerudi, naye bado anatembea kwa ugumu kama aliyefungwa plasta. Mtaalamu mmoja anamshauri aende kuogelea. Anapofika, mlinzi wa bwawa, aliyekwisha kuelezwa la kufanya, anamsukuma majini bila onyo na kumchokoza washindane. Sacks anaogelea kwa hasira, anatoka majini, na ndipo anapogundua kwamba anatembea sawasawa.