Mswada si nakala safi

Majuzi mwanafunzi wangu wa uzamifu alinukuu ubeti wa Muyaka. Nikamuuliza ameutoa wapi. "Kitabuni, Prof." Kitabu hicho nacho kilitoka kwa hati ipi? Kimya. Basi nikamsimulia kisa cha kipande cha piano ambacho hata wewe msomaji umewahi kukisikia, japo kwenye simu ya mtu: "Für Elise", chake Beethoven.

Beethoven alifariki 1827 bila kukichapisha. Kilichapishwa 1867 na Ludwig Nohl, aliyekinakili kutoka hati ya mkono wa mtunzi aliyoiona Munich. Hati ile ikapotea. Tuliyo nayo sasa ni chapa ya Nohl na rasimu iliyohifadhiwa katika Beethoven-Haus, mjini Bonn.

Ugomvi ni wa noti moja. Karibu na mwanzo, katika kipimo cha 7, noti ya pili ya mkono wa kulia kwa Nohl ni E. Lakini kila wimbo unaporudi pale pale, yeye huyo huyo anaandika D. Rasimu nayo, panaposomeka vizuri, inaonyesha D. Wahariri wengi waliofuata walifanya nini? Wakaigeuza karibu kote kuwa E, kimyakimya! Yaani walifuata shahidi mmoja wakawaacha wengi, na mpiga piano hana habari kwamba palikuwa na swali.

Mimi ningechapisha D. Hata hivyo ningeweka tanbihi, kwa sababu rasimu haifungi mjadala: mtunzi angeweza kubadili nia katika nakala iliyopotea. Hata jina Elise lina utata. Max Unger alidai Nohl alisoma vibaya "Therese". Hoja tamu, ila karatasi ya kuithibitisha haipo.

Hapa ndipo lugha yetu inapotuponza. Vyuoni chochote kilichoandikwa kwa mkono tunakiita mswada (bungeni nako mswada ni mambo mengine). Waarabu tuliokopa kwao wana musawwada, iliyotiwa weusi, yaani yenye kufutwafutwa, na mubayyada, iliyotiwa weupe, nakala safi. Tukachukua moja, mwenzake tukamwacha huko huko. Ndiyo maana tunashindwa hata kuuliza swali: hiki alichokiacha mtunzi, alikuwa amekimaliza?

Na si swali la Wazungu pekee. Diwani ya Muyaka aliyoihariri Hichens ilitoka 1940, takriban miaka mia baada ya mshairi kufa. Kati yao ilipita mikono ya Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor, na hati za Kiarabu, ambazo kwa kawaida hazikutofautisha e na i wala o na u, zikageuzwa za Kirumi. Kuna mtu aliyeamua kila irabu tunayoikariri darasani.

Mwanafunzi ameomba wiki mbili zaidi. Nimempa.