Namna ya Kutambua Muziki Mzuri wa Sherehe Kabla Hujaulipia

Kamati ya harusi inaweza kubishana wiki nzima juu ya rangi ya sare na idadi ya kreti za soda, halafu suala la muziki likamalizwa kwa simu moja: "Una spika ngapi?" Swali hilo ndilo linalowaponza wengi. Kwenye harusi, send-off au maulidi, kazi ya kwanza ya mitambo ni kufikisha maneno: dua, utambulisho wa ndugu, nasaha za wazazi. Bibi wa meza ya mwisho akisikia kila neno bila kumuuliza jirani, mmepata muziki. Asiposikia, hata spika zikipangwa hadi darini, mmepigwa.

Usinunue wati

Wenye mitambo hupenda kutaja wati, na mara nyingi hutaja zile za kilele, ambazo spika huzistahimili kwa kufumba na kufumbua tu. Hata wati za kweli zina mipaka yake. Ukiziongeza maradufu unapata desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili watu waone sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inatakiwa iongezwe karibu mara 10. Ndiyo maana spika 2 nzuri zilizokaa mahali pake huzishinda 8 zilizorundikwa.

Badala ya kuhesabu spika, msikilize fundi anakuuliza nini. Anayeijua kazi atataka kujua wageni ni wangapi, sherehe ni ya ndani au ya nje, kuna bendi au DJ peke yake, wazungumzaji ni wangapi na umeme unatoka wapi. Asiyeuliza chochote ana mpangilio mmoja wa sherehe zote.

Ukumbi nao una sauti yake

Kumbi nyingi za mijini zina vigae chini, vioo ubavuni na dari ngumu. Sauti hugonga huko na kurudi, maneno yakapandana. Hapo kupandisha sauti ni kupandisha mwangwi. Fundi mzuri huzielekeza spika kwenye watu, si kwenye kuta, na huona heri spika ndogo kadhaa zilizo karibu na wageni kuliko mbili kubwa zinazopiga kelele kutoka mbele. Anajua pia kwamba miili ya watu hunyonya sauti, kwa hiyo ukumbi unaovuma mchana ukiwa mtupu utatulia ukijaa.

Nje hakuna ukuta wa kurudisha kitu. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hushuka kwa desibeli 6. Kwenye turubai refu huhitajika spika nyingine katikati, nazo zicheleweshwe kidogo kwenye miksa. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo spika iliyo mita 20 nyuma ya zile za mbele hucheleweshwa karibu milisekunde 60. Isipocheleweshwa, wageni wa nyuma watasikia kila neno mara mbili.

Tazama jinsi wanavyofunga

Fika wakati mitambo inashushwa. Spika za sauti ya juu zikae kwenye stendi, zipite vichwa vya watu, kwa sababu sauti nyembamba huishia kwenye migongo ya waliokaa mbele. Za besi zinaweza kukaa chini. Waya zipite pembeni na kubandikwa sakafuni, zisikatize njia ya wahudumu wenye masinia.

Ukisikia muungurumo mzito usiokoma, mara nyingi miksa na amplifaya zimechomekwa kwenye soketi za mbali zenye ethi tofauti. Dawa yake ni kuvilisha vifaa vyote umeme kutoka sehemu moja. Fundi anayeondoa muungurumo kwa kukata waya wa ethi mrudishe kwao: ameondoa kinga ya atakayeshika maiki.

Maiki hupiga mluzi inapoisikia sauti yake yenyewe kutoka kwenye spika na kuirudisha tena. Kwa hiyo spika zikae mbele ya mzungumzaji, kamwe zisiwe nyuma yake. Mluzi ukitokea, fundi wa kubahatisha hupunguza sauti yote. Aliyebobea hupunguza masafa yale yaliyolia tu, maneno yakabaki. Pia humwonya MC mapema asikifumbate kichwa cha maiki kwa kiganja, maana mkao huo wa mbwembwe huita mluzi.

Jaribio la dakika tano

"Haloo, haloo" haipimi kitu. Soma kwa maiki orodha ya majina yenye s na sh, mwenzako azunguke pembe zote za ukumbi. Kisha piga wimbo unaoujua vizuri, kwa sauti ya chini. Kwa taarabu, mafumbo ya mwimbaji yasikike yote na fidla isikwaruze. Kwa singeli, besi igonge na kukatika, isiburuzike hadi pigo linalofuata. Mpangilio uliowafaa wacheza singeli ukiachwa hivyo hivyo, nasaha za baba zitamezwa.

Pandisha sauti ukitazama taa za amplifaya. Nyekundu inayowaka mfululizo ina maana mashine imezidiwa: sauti inachanika, na twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, ziko hatarini kuungua. Masikio nayo yana kikomo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kumbi za burudani zisizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15.

Mtu kabla ya mashine

Sherehe ikianza, mtafute fundi. Awe kwenye miksa, mahali anaposikia wanachosikia wageni. Yule mahiri hushusha muziki mzungumzaji anapoinuka, hangoji kupungiwa mkono. Yule wa kubahatisha utamkuta kwenye foleni ya chakula.

Yaandikeni makubaliano: saa ya kufika, jaribio kukamilika kabla ya wageni, maiki ya akiba na betri mpya, jenereta ni ya nani, na fundi gani atakaa hadi mwisho. Toeni malipo ya awali, salio lisubiri sherehe iishe. Na kabla ya kukubaliana bei, ombeni kwenda kumsikia akiwa kazini kwenye sherehe nyingine. Akikataa, tafuteni mwingine.