Mkono wa Kulia Usiopumzika

Kabla mtu hajafungua kinywa, mkono wa kulia wa mpiga piano umeshaanza kuuma. Noti ileile, ya juu na ya chini zikipigwa pamoja, inagongwa tatu tatu kwa kila pigo, mbio, bila mwanya wa kuvuta pumzi. Chini yake mkono wa kushoto unapanda ngazi kwa haraka, unashuka, unanyamaza, kisha unapanda tena. Huyo ni farasi. Baba amempakata mwanawe usiku, upepo unavuma, na mtoto anaweweseka. Msomaji wa Kakamega ambaye hajawahi kupanda farasi na aiwazie boda boda kwenye barabara ya Shinyalu saa saba usiku, mgonjwa akiwa katikati na msitu umekaa kando.

Wimbo wenyewe ni "Erlkönig" wa Franz Schubert, wa sauti moja na piano, alioutunga mwaka 1815 akiwa na miaka 18. Maneno ni shairi la Goethe, na wote huchukua kama dakika nne tu. Mimi nilikutana nao katika tamasha za muziki za shule. Mwalimu alituambia tumsikilize mwimbaji. Nilimtii kwa miaka mingi, na miaka yote hiyo nikawa nasikia mzungu anayepiga kelele. Siku niliyoacha kumfuata mwimbaji nikafuata vidole vya piano, hadithi ilifunguka.

Mwimbaji mmoja anabeba watu wanne: msimulizi, baba, mtoto, na mfalme wa majini ambaye mtoto peke yake ndiye anayemwona na kumsikia. Schubert hakumwachia mwimbaji kazi yote ya kuwatenganisha. Baba amewekwa chini, kwenye noti nzito za mtu anayejikaza. Mtoto yuko juu. Mfalme huanzia kwenye ngazi ya do, ile ya furaha, ilhali wimbo unaanza na kumalizikia kwenye ngazi ya la. Aliyekulia kwenye kwaya za huku akisoma sol-fa ubaoni atalitambua badiliko hilo hata kama hajui neno moja la Kijerumani. Utamu wa mfalme ndio unaotisha.

Sasa sikiliza piano mfalme anapozungumza. Mara ya kwanza yale mapigo ya tatu tatu yanalegea: besi inadunda, mkono wa kulia unajibu kwa wepesi, karibu dansi. Farasi bado anakimbia, lakini sasa tunamsikia kwa masikio ya mtoto aliyekwisha kurogwa nusu. Mara ya pili noti zinatawanyika mojamoja, kama mtu anayepapasa nyuzi za litungu akitafuta wimbo. Mara ya tatu mfalme anaanza kwa ulaini uleule, lakini mapigo yale yamesharudi chini yake. Subira imemwishia, anataka kumchukua mtoto kwa nguvu, na piano inatuambia hivyo kabla yeye mwenyewe hajakiri.

Kilio cha mtoto nacho kimepangwa kwa hesabu. Kila anapomwita baba yake, sauti inaanzia hatua moja juu ya kilio kilichotangulia. Chini yake piano inashikilia noti jirani kabisa na ile anayoiimba, mbili zinazogombana mlango kwa mlango. Sikio linaumia, na ndivyo lilivyokusudiwa. Mwishoni mbio zinaongezeka, halafu farasi anasimama. Msimulizi anatamka habari ya kifo kama mtu anayeongea, karibu bila kitu chini yake, na piano inafunga kwa kodi mbili kavu. Lakini wewe ulishajua tangu mapigo yale yalipokatika.

Goethe hakupenda muziki unaotangulia mbele ya shairi. Mtunzi Reichardt, aliyemtangulia Schubert, alitumia muziki uleule kwa kila ubeti wa shairi hilohilo, kama tunavyoghani tenzi kwa mahadhi mamoja tangu mwanzo hadi mwisho. Njia hiyo ina heshima yake: shairi linabaki mfalme. Ila kwa hadithi hii naona Schubert alikuwa sahihi, na mshairi alikosea.

Kati ya rekodi nyingi, mbili zinatosha kuanzia. Ya Jessye Norman, Mmarekani mweusi, akiwa na Phillip Moll kwenye piano, inawatenganisha wale wanne waziwazi: msimulizi mzito, mtoto mwenye sauti nyeupe isiyotetemeka, mfalme anayeimba kana kwamba anatabasamu. Hata asiyejua lugha hapotei. Dietrich Fischer-Dieskau na mpiga piano wake Gerald Moore hawachori mipaka kwa wino mzito hivyo. Fischer-Dieskau anafanya kazi kubwa kwenye konsonanti, na mfalme wake ananong'ona tu. Rekodi hii ndiyo ninayorudia zaidi, ingawa mwanzoni ilinipita.

Mtu wa Kakamega hahitaji kwenda Vienna kujifunza usikivu huu. Chukua rekodi za George Mukabi wa Kisa, aliyefariki mwaka 1963, mfano "Sengula Nakupenda". Ni gita lisilo na umeme, kidole gumba na cha shahada, na mkwaruzo wa chupa ya Fanta. Gumba linatembea kwenye nyuzi nene likitunga wimbo wake lenyewe, huku sauti ikisema mengine juu. Zima uimbaji kichwani mwako na omutibo, mtindo huu wa gita, bado inazungumza. Tofauti ipo, na si ndogo: gita la Mukabi linazunguka, linarudi palepale na kukualika ucheze, ilhali piano ya Schubert inabadilika kila anapobadilika msemaji. Lakini sikio linaloweza kufuata gumba la Mukabi litaweza kufuata mkono wa kushoto wa Moore.

Kwa sharti moja: usisikilizie spika ya simu. Spika ile ndogo haina besi, kwa hiyo ile ngazi ya mkono wa kushoto inapotea na yanabaki mapigo ya juu tu, farasi asiye na miguu. Gumba la Mukabi nalo hufia hapohapo. Vaa visikizi, au omba spika za kanisa siku ambayo hakuna ibada. Soma kwanza tafsiri ya shairi, mara moja, kisha iweke kando.

Moore mwenyewe, yule mpiga piano wa Fischer-Dieskau, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1962, na jina la kitabu linauliza kama anapiga kwa sauti kubwa mno. Aliagwa jukwaani tarehe 20 Februari 1967 katika ukumbi wa Royal Festival Hall, London. Fischer-Dieskau, Elisabeth Schwarzkopf na Victoria de los Ángeles walikuja kuimba naye. Mwishoni alikaa peke yake kwenye piano akapiga "An die Musik" ya Schubert, bila mwimbaji.